MAISHA YA ALFRED BINET, MTU ALIYEPIMA AKILI

Babu yangu aliandikishwa shule kwa sikio. Siku zile hapa Ufipa wazazi wengi hawakuwa na cheti cha kuonyesha tarehe ya kuzaliwa mtoto. Basi mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Aliyelifikia alihesabiwa kuwa ametimiza umri wa shule. Asiyelifikia alirudishwa nyumbani kuchunga ng'ombe mwaka mwingine. Babu ana mikono mifupi. Alirudishwa mara mbili. Hata leo hucheka akisimulia habari hiyo, lakini hasahau kuongeza kwamba rika lake walimtangulia darasani miaka miwili.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu Januari mwaka huu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, naye alirudishwa nyumbani, si kwa sikio bali kwa maswali. Ana miaka minane. Husema maneno machache sana, hamtazami mtu usoni, na penye kelele huziba masikio. Siku ya kuandikisha watoto aliulizwa kwa Kiswahili, mbele ya watu wengi, ana vidole vingapi. Akageukia ukuta. Akaulizwa maswali mengine matatu, nayo yakapita vivyo hivyo. Ikasemwa ya kuwa hana akili ya shule. Bibi aliposikia alisema mtoto amelogwa.

Jioni ile ile ng'ombe wa babu waliporudi, mdogo wangu alisimama mlangoni mwa zizi akakataa miti ya mlango isifungwe. Alipigiwa kelele, akalia, lakini hakuondoka. Ndipo babu alipohesabu, akakuta ng'ombe ni 22 badala ya 23. Mtamba mmoja alikuwa amebaki mtoni. Hakuna mtu aliyemfundisha mtoto yule kuhesabu.

Nilirudi bwenini na jambo hilo moyoni. Nilipomweleza mwalimu wetu mmoja, aliniambia kwamba yamkini mtoto ana hali iitwayo usonji, lakini neno hilo ni la daktari kulisema, si letu. Kisha akaniambia nitafute habari za Mfaransa mmoja aliyekufa zamani, ambaye ndiye aliyeanza vipimo vya akili vinavyotumika duniani. Nimezisoma, na nimeona vema niziandike hapa kwa maneno yangu, maana sisi sote tusomao gazeti hili tumepimwa, au tunapima wengine.

Alfred Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 katika mji wa Nice, ulio pwani ya bahari ya Mediteranea. Wakati huo mji ule haukuwa bado chini ya Ufaransa. Uliingia Ufaransa mwaka 1860. Baba yake alikuwa daktari, na mama yake alikuwa mchoraji wa picha. Wazazi hao waliachana, na kijana akalelewa na mama yake, ambaye baadaye alimpeleka Paris kusoma. Alisoma sheria akafaulu mwaka 1878, lakini hakuipenda kazi ya sheria. Akajaribu udaktari, akauacha pia. Basi akaingia katika maktaba kuu ya Paris, akajisomea peke yake vitabu vya saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia za watu. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye jina lake limeshika mizani ya akili duniani, hakufundishwa kazi yake darasani.

Mwaka 1883 hivi alipata nafasi katika hospitali ya Salpêtrière, chini ya daktari mwenye sifa kubwa, Jean-Martin Charcot. Pale waliwatia wagonjwa katika usingizi wa kiini macho na kuchungu­za mambo yao. Binet na mwenzake Charles Féré walitangaza jambo la ajabu: kwamba wakimsogezea mgonjwa sumaku, ganzi iliyokuwa mkono wa kulia huhamia mkono wa kushoto. Waliamini kabisa. Lakini mtaalamu mmoja kutoka Ubelgiji, Joseph Delboeuf, alikwenda Salpêtrière kujionea kwa macho yake. Akaona ya kuwa madaktari huzungumza mbele ya mgonjwa juu ya jambo wanalolitazamia, na mgonjwa hulisikia na kulitenda. Sumaku haikuwa na kazi yo yote. Mwanzoni Binet alibisha, lakini baada ya miaka kadhaa alikiri kosa lake mbele ya watu, akaondoka hospitalini pale.

Naliona jambo hili kuwa ndilo lililomfanya Binet awe Binet. Tangu hapo alijua kwamba mpimaji anaweza kukiona kile anachotaka kukiona, na mpimwaji anaweza kujibu kile anachotazamiwa kukijibu. Wataalamu wengi hawakulijua jambo hilo, kwa maana hawakupata kuaibishwa nalo.

Mwaka 1884 alikuwa amemwoa Laure Balbiani, wakajaliwa binti wawili, Madeleine na Alice. Alipoondoka hospitalini hakuwa na kazi, basi akaanza kuwatazama watoto wake mwenyewe. Aliona ya kuwa Madeleine alipojifunza kutembea alitazama kwanza kiti au meza ya kushikia, kisha akaenda moja kwa moja. Alice alijitupa katikati ya chumba akicheka, bila kujua atashika nini. Wote wawili walijifunza kutembea. Kadhalika aliweka mafungu mawili ya vipande mezani, akauliza fungu lipi lina vipande vingi. Vipande vikiwa sawa kwa ukubwa, mtoto ambaye hajajua kuhesabu alijibu vema. Vikitofautiana ukubwa, alidanganywa na fungu lililochukua nafasi kubwa. Basi mtoto yule yule alionekana kuwa hodari au mjinga kwa jinsi alivyoulizwa.

Mwaka 1891 Binet alikutana na Henri Beaunis katika kituo cha reli. Bwana huyu alikuwa mkuu wa maabara ya saikolojia katika chuo cha Sorbonne. Binet akaomba kufanya kazi pale bila mshahara, akakubaliwa. Baada ya muda akawa mkuu wa maabara hiyo, na mwaka 1895 wakaanzisha jarida la elimu hiyo.

Katika miaka hiyo aliletewa mtu aitwaye Jacques Inaudi. Huyu alikuwa mtoto wa maskini wa Italia, mchungaji wa kondoo, na huko machungani alizoea kufanya hesabu kichwani. Alipopata miaka 20 hivi ndipo alipojifunza kusoma na kuandika. Lakini aliweza kuzidisha namba ndefu kichwani na kuzikumbuka namba nyingi alizoambiwa mara moja tu. Binet alimlinganisha na mtu mwingine wa hesabu, Périclès Diamandi, Mgiriki. Akakuta ya kuwa Inaudi alizisikia namba kichwani mwake kama sauti, lakini Diamandi aliziona kama zimeandikwa. Majibu yao yalikuwa sawa, bali njia zao zilikuwa mbali. Akaita na makarani wa duka moja kubwa la Paris, waliozoea kujumlisha bei kutwa, na katika hesabu fupi wakawapita wale mabingwa! Mwaka 1894 aliandika kitabu juu ya watu hao. Niliposoma habari za Inaudi nilifikiri zizi la babu. Sisemi ya kuwa mdogo wangu ni Inaudi. Watu wenye usonji walio wengi hawana kipaji cha ajabu, na haifai tuwadai kipaji ndipo tuwaheshimu. Nasema tu kwamba Inaudi angeulizwa kusoma kitabu, angerudishwa machungani.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini ya kuwa mwenye kichwa kikubwa ndiye mwenye akili. Binet naye alichukua vyombo akaenda mashuleni kupima vichwa vya mamia ya watoto. Tofauti aliyoiona baina ya wale walioitwa hodari na wale walioitwa wazito ilikuwa ndogo mno, milimita moja hivi. Tena akashuku ya kuwa yeye mwenyewe, akijua yupi ni hodari, alikuwa akivuta kipimo bila kukusudia. Ile sumaku ya zamani ilikuwa imemfundisha. Akaacha kupima vichwa.

Sasa nafika kwenye kazi iliyompa jina. Ufaransa ilikuwa imetoa sheria mwaka 1882 kwamba watoto wote lazima wasome. Madarasa yakajaa, na walimu wakaona wapo watoto wasioweza kwenda sawa na wenzao. Watoto hao waliweza kuondolewa shuleni na kupelekwa katika nyumba za wendawazimu kwa neno la mwalimu mmoja, na pengine kosa lao lilikuwa utundu tu. Mwaka 1904 Waziri wa Elimu aliunda tume kulitazama jambo hilo, na Binet akawa mmoja wao. Yeye na daktari kijana, Théodore Simon, wakatunga kipimo, wakakitoa mwaka 1905. Kilikuwa na majaribio 30, yakianza na rahisi yakiishia na magumu: kufuata kwa macho moto wa kiberiti, kutaja vitu katika picha, kurudia namba zilizosemwa, kulinganisha uzito wa vitu, kutunga sentensi moja yenye maneno matatu yaliyotolewa. Mwaka 1908 waliyapanga upya kwa umri, tangu miaka 3 hata 13, wapate kusema mtoto huyu anajibu kama watoto wa miaka sita au ya saba.

Wasomaji waangalie hapa, maana kusudi la Binet lilikuwa kumlinda mtoto. Badala ya neno la mtu mmoja mwenye hasira, alitaka maswali yale yale kwa watoto wote, katika chumba kimya, na mpimaji awe mpole na kumtia moyo mtoto. Alikataa kabisa kwamba kipimo chake kinapima akili kama tunavyopima mahindi kwa debe. Alijua ya kuwa watoto wa nyumba za wenye mali hupata alama zaidi, kwa sababu ya lugha na mambo wanayoyasikia nyumbani. Mtoto akionekana yu nyuma, hiyo ilikuwa sababu ya kumsaidia, si sababu ya kumwacha. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwakemea wale wasemao kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Katika madarasa ya watoto wazito waliwazoeza kwa michezo: kusimama tuli kama sanamu, kisha kutazama vitu kwa sekunde chache na kuvitaja. Watoto wakaendelea.

Binet alitoa kipimo chake mara ya tatu mwaka 1911, na tarehe 18 Oktoba mwaka huo huo akafa mjini Paris, akiwa na miaka 54. Nchini mwake hakuwa amepewa kiti cha profesa.

Alipokwisha kufa, kipimo chake kilikwenda safari asizoziamuru. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alishauri umri wa akili ugawanywe kwa umri wa miaka, ikapatikana namba moja. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani alikipanua na kuieneza namba hiyo, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 askari wapatao 1,700,000 walipimwa. Kati ya maswali mlikuwa na mambo ya bidhaa na michezo ya Marekani. Na wageni wasioyajua waliitwa wapungufu wa akili. Hata hapa Afrika ya Mashariki, katika miaka ya 1930, madaktari Gordon na Vint wa Kenya walipima vichwa na bongo za Waafrika, wakadai ya kuwa Mwafrika ana upungufu. Binet alikuwa ameziacha njia za namna hiyo miaka 30 kabla yao.

Je, watu wenye usonji? Hali hii iliandikwa na Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943, miaka 32 baada ya kifo cha Binet, kwa hiyo hakupata kulijua jina lake. Wengi wenye usonji huona taabu kuzungumza na kusikiliza maelezo ya mdomo, na vipimo vingi vya akili hufanywa kwa mdomo. Mwaka 2007 wataalamu wa Montreal, Kanada, walitoa habari za watoto 38 wenye usonji waliopimwa kwa njia mbili. Aliyewaongoza ni Michelle Dawson, ambaye yeye mwenyewe ana usonji. Kipimo cha kwanza, cha Wechsler, kina maswali mengi ya maneno. Cha pili, cha Raven, kilichotolewa mwaka 1938, ni michoro yenye pengo. Mtoto hutafuta kipande kinachofaa kujaza. Fikiri watoto 100 wamepangwa mstari tangu wa chini hata wa juu. Kwa kipimo cha maneno watoto wale, kwa wastani, walisimama penye mtoto wa 26. Kwa kipimo cha michoro, watoto wale wale walisimama penye mtoto wa 56. Kwa kipimo cha kwanza kiasi cha theluthi moja wangeitwa wapungufu wa akili. Kwa cha pili, watoto 5 tu katika kila 100. Watoto hawakubadilika, lililobadilika ni swali.

Na huku kwetu Tanzania, mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walitangaza habari za watoto wa shule za Bagamoyo. Watoto wale walipimwa, kisha wakafundishwa njia ya kufikiri majaribio hayo kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zikapanda, wala walio nyuma mwanzoni si wote waliobaki nyuma. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha walichoweza kujifunza. Naamini Binet angefurahi kusikia.

Nami nilijipima. Mwalimu alinipatia maswali 50 yaliyotungwa Cambridge, Uingereza, mwaka 2001, ambayo mtu mzima hujijibu mwenyewe aone kama ana dalili za usonji. Mwenye alama 32 au zaidi hushauriwa amwone mtaalamu. Maswali hayo peke yake hayatoi hukumu. Nilijaza Jumapili usiku, nikiwa nimefikiri habari za mdogo wangu siku nzima, nikapata 29. Niliyajaza tena baada ya majuma mawili, siku tuliyoshinda mpira, nikapata 19. Swali moja linauliza kama napenda ukumbi wa michezo ya kuigiza kuliko jumba la makumbusho. Mimi sijaingia katika lo lote katika hayo mawili! Mwenzangu wa kitanda cha juu alicheka sana. Nilikumbuka ile sumaku: Jumapili ile nilitaka kufanana na mdogo wangu, nikajibu nilivyotaka.

Basi likizo ya Juni nilikwenda nyumbani tukavuna mahindi. Nilimwomba baba mdogo ampeleke mtoto hospitali ya Sumbawanga, kisha waonane na mwalimu wa elimu maalumu. Baba mdogo alinyamaza siku tatu, halafu akakubali. Nilimwomba pia awaambie watakaompima kwamba mtoto hufahamu Kifipa kuliko Kiswahili, kwamba asiulizwe penye watu wengi, na kwamba aanzwe kwa vitu vya kushika kabla ya maneno. Bibi hajakubali sawasawa. Lakini wazee wasema jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi, basi nilimwambia kwa heshima kwamba tumekwisha kuambiwa la kufanya. Akacheka, akampa mtoto mhindi wa kuchoma.

Januari ijayo atapelekwa tena kuandikishwa. Sijui kipimo kitasema nini. Pengine kitasema kwamba elimu yake itakuwa ya taratibu sana, na ikiwa hivyo tutalipokea. Ninalotaka ni kwamba asihukumiwe kwa vidole visivyohesabiwa mbele ya umati.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, Novemba nasi tutapimwa. Tusidharau mtihani, maana bila mtihani tungerudi kwenye neno la mtu mmoja, kama watoto wa Paris walivyokuwa. Tena tusiufanye kuwa mwisho wa habari ya mtu. Na kati yenu watakaokuwa walimu, ninaomba mmkumbuke Alfred Binet siku mtoto atakapogeukia ukuta. Mwulizeni tena kwa njia nyingine.